Mabao Matano na Bakuli la Jangwani

Emmanuel Okwi hakuwaacha Yanga hata wazoee nyasi. Jumapili ya Mei 6, 2012, dakika ya kwanza tu ya mchezo, mpira ulikuwa umeshalala wavuni na nusu ya Uwanja wa Taifa imeshasimama. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Ubingwa ulikuwa umeshakwenda Msimbazi, kwa Simba, na Yanga, watu wa kijani na njano, walikuja kulinda heshima tu. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-0, deni linalolipika. Kipindi cha pili zikaja penalti tatu. Patrick Mafisango akafunga ya kwanza. Okwi akarudi tena, likawa la tatu. Ilipotolewa penalti ya pili, aliyetoka kwenda kuipiga alikuwa Juma Kaseja, kipa wa Simba, mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga. Akauvuka uwanja mzima, akapiga, akafunga, akarudi langoni kwake. Felix Sunzu akamalizia la tano, nalo kwa penalti.

Waliokuwepo siku ile hubishana mpaka leo bao lipi liliuma zaidi. Kwangu mimi hakuna ubishi: ni la Kaseja. Kufungwa na mshambuliaji ni ajali ya kazi. Kipa akikutembelea kutoka lango la pili, tena mchana kweupe, hapo umedharauliwa.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni kilichofuata nje ya uwanja. Mtu angetegemea wana Yanga wazungumzie ukuta uliovuja au waamuzi waliotoa penalti tatu. Wapo waliozungumza hayo, siku moja au mbili. Kisha mazungumzo yakahamia mahali yanapohamia kila mara: kwenye hazina ya klabu. Mishahara ililipwa lini? Kambi iligharimiwa na nani? Mwenyekiti amepata wapi ujasiri wa kukaa kwenye kile kiti bila fedha? Mwenyekiti mwenyewe, mwanasheria Lloyd Nchunga, alikuwa ameshaandamwa kabla ya siku ile. Mabao matano yakafanya iliyobaki. Kabla Mei haijaisha alikuwa amejiuzulu.

Huo ndio mwenendo wa Kariakoo tangu zamani. Kipigo kutoka kwa mtani hakimaliziki na filimbi ya mwamuzi, kinaingia ofisini na kufungua vitabu vya hesabu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye ingeitwa Sunderland, na kuanzia 1971 Simba. Juni 1, 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0, Maulid Dilunga na Salehe Zimbwe wakifunga mawili kila mmoja na Kitwana Manara moja. Machi ya mwaka uliofuata Sunderland haikutokea uwanjani, Yanga ikapewa ushindi wa mezani. Kisha ikaja Julai 19, 1977, siku ambayo watu wa Msimbazi wataisimulia mpaka vitukuu: Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Lakini anayeisimulia 1977 bila kuitaja 1976 anasimulia nusu. Mwaka ule mmoja kabla, Yanga ilikuwa imepasuka katikati, na wachezaji na wanachama waliotoka wakaunda Pan African. Sita zile zilikuwa matokeo ya ugomvi wa ndani kama zilivyokuwa matokeo ya ubora wa Kibadeni.

Siku kumi na moja baada ya zile tano za 2012, Mafisango alifariki dunia kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Mei 17. Mshabiki wa Yanga aliyekuwa bado anaimeza penalti yake akajikuta anampa pole jirani wa Simba. Utani wa jadi, tulioazima jina lake kutoka kwa makabila yetu, ndivyo ulivyokuwa kwa asili: Mnyamwezi na Mzaramo walitukanana, wakanyang'anyana vitu, lakini mtani alikuwa na wajibu pia, na msibani alikuwa miongoni mwa wanaofika mapema. Utani wa mpira umechukua matusi yote na kuusahau wajibu karibu wote. Siku ya Mafisango wajibu ulikumbukwa. Nakumbusha hilo mapema kwa sababu katika simulizi inayofuata halitatokea sana.

Julai 2012 wanachama wa Yanga wakamchagua Yusuf Manji kuwa mwenyekiti. Alikuwa mfanyabiashara aliyeifadhili klabu hiyo kwa miaka, na sababu ya kumchagua haikufichwa: ana hela. Mwezi uleule Yanga ikatwaa Kombe la Kagame. Mei 18, 2013, siku ya mwisho ya msimu, ikaifunga Simba 2-0 ikiwa bingwa. Mwaka mmoja na siku chache tangu zile tano, Jangwani, nyumbani kwa Yanga, walikuwa wanacheka tena, na safari hii walikuwa na mambo mawili ya kuchekea: ubingwa wao, na ukata wa mtani.

Maana Simba, baada ya karamu ya 2012, ilianza kukonda. Januari 2013 ilimuuza Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Bei ilitangazwa kwa mbwembwe. Fedha zenyewe hazikuonekana. Waarabu wa Sousse wakazungusha, barua zikaandikwa, shauri likafika FIFA, na mjini ikawa kwamba mshabiki wa Simba akilalamikia jambo lolote, iwe nauli au bei ya sukari, wa Yanga alimwambia asubiri hela za Okwi. Kejeli ikapata kilele Desemba 2013. Okwi alirudi Tanzania, na jezi aliyovaa ilikuwa ya Yanga! Yule aliyefunga dakika ya kwanza, aliyeuzwa kwa fedha ambazo hazijalipwa, sasa anafanya mazoezi na watu wa Jangwani. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri wake angemwambia apunguze chumvi. (Mwaka uliofuata Okwi alirudi tena Simba. Katika mji huu hakuna anayeondoka moja kwa moja.)

Uwanjani Simba ilimaliza ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tatu mara mbili. Haikucheza mashindano ya Afrika tangu 2013 mpaka 2018. Wana Yanga wakajiita wa kimataifa, wakawaita wenzao wa mchangani, na hakukuwa na jibu la takwimu.

Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu. Kampuni ya bia iliyozidhamini klabu zote mbili ilianzisha shindano lililoitwa Nani Mtani Jembe. Ulikunywa bia, ukatuma kwa simu namba iliyofichwa kwenye kizibo, na fedha zikapungua kwenye fungu la mtani zikaongezeka kwenye fungu la timu yako. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuuelewa moyo wa mshabiki wa Kariakoo kuliko aliyebuni jambo hilo. Kuichangia timu yako ni wema. Kuichangia huku unamfilisi jirani, tena ukiwa baa, ni raha isiyo na kifani. Mwisho wa shindano timu zilikutana uwanjani, mechi ya kirafiki kwa karatasi. Desemba 21, 2013 Simba ilishinda 3-1. Yanga ilikuwa inaongoza ligi, na kocha wake, Mholanzi Ernie Brandts, alikuwa ameipa ubingwa miezi saba tu kabla. Akafukuzwa. Desemba ya mwaka uliofuata Simba ikashinda tena mechi ya shindano lilelile, 2-0, na Mbrazili Marcio Maximo naye akaonyeshwa mlango. Timu maskini ikawa inaifukuzisha makocha timu tajiri kwa mechi zisizo na pointi hata moja.

Hayo ya makocha hayakuizuia Yanga. Chini ya Hans van der Pluijm ikatwaa ubingwa 2015, ikautetea 2016. Agosti 2016 Manji akaja na pendekezo ambalo lingepaswa kuwashtua wanachama: aikodi timu na nembo ya klabu kwa miaka 10. Mkutano ukashangilia. Nasema lingepaswa kuwashtua kwa sababu mwenye nyumba anayeshangilia kupangishwa nyumba yake mwenyewe ama hajasoma mkataba, ama ameshakubali moyoni kwamba nyumba haikuwa yake. Vyombo vya michezo havikuliafiki jambo hilo na likafa. Lakini lilikuwa limeonyesha klabu inasimama juu ya nguzo ngapi. Ilikuwa moja.

Mei 2017 Yanga na Simba zilimaliza ligi zikiwa na pointi 68 kila moja. Yanga ikawa bingwa kwa tofauti ya mabao, ubingwa wa tatu mfululizo. Siku zilezile za shangwe Manji aliandika barua ya kujiuzulu. Nguzo imeondoka, bati bado liko juu. Watu waliendelea kukaa chini yake kwa miezi kadhaa wakidhani ni upepo tu.

Msimu wa 2017/2018 bati likashuka. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikuwa wamempitisha Mohammed Dewji kuwa mwekezaji, kwa ahadi ya Sh bilioni 20, na mgao uliokubaliwa ukawa asilimia 49 ya hisa kwake, asilimia 51 zikibaki kwa wanachama. Kule Jangwani habari zilikuwa za mishahara ya miezi iliyorundikana na wachezaji wanaogoma mazoezi. Kocha Mzambia, George Lwandamina, aliondoka Aprili 2018 akarudi kwao. Mwezi uleule Simba iliifunga Yanga 1-0 kwa bao la Erasto Nyoni, ikaelekea kwenye ubingwa wake wa kwanza tangu 2012. Yanga ikawa ya tatu, nyuma hata ya Azam. Katika Kombe la Shirikisho Afrika ikapangwa kundi moja na Gor Mahia, na Wakenya hao wakaifunga nne Nairobi kisha tatu Dar es Salaam. Yanga ilimaliza ya mwisho kwenye kundi.

Na wanachama walifanya nini? Juni 2018 waliitisha mkutano, wakakataa kujiuzulu kwa Manji. Barua ilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja. Hakukuwa na fedha, hakukuwa na mwenyekiti, lakini kiti kilikuwa na mwenyewe. Wengine waliwacheka sana kwa uamuzi ule. Mimi naona ulikuwa wa kweli kuliko hotuba nyingi: watu waliolelewa na mfadhili mmoja kwa muongo mzima hawakujua klabu huendeshwaje mfadhili asipokuwepo, nao wakasema hivyo kwa kura.

Aliyewafundisha alitoka Kongo. Mwinyi Zahera, ambaye pia alikuwa msaidizi wa Florent Ibenge kwenye timu ya taifa ya Kongo, alikabidhiwa kikosi kisicholipwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, Kiswahili chake kina ladha ya Kikongo na Kifaransa, na mavazi yake pembeni mwa uwanja yaliwakera waheshimiwa wa ligi. Alikuwa akieleza waziwazi jinsi anavyotoa mfukoni mwake ili timu isafiri na kula. Kisha akawageukia mashabiki, akawaomba wachange.

Hapo ndipo lilipozaliwa bakuli. Namba za kutuma fedha kwa simu zikatangazwa, matawi yakapewa kazi ya kukusanya, kocha mwenyewe akawa mhamasishaji mkuu. Mama ntilie akatuma, bodaboda akatuma, mwalimu wa Songea akatuma. Hizi zilikuwa elfu moja moja na elfu tano tano, fedha ambazo mfadhili wa zamani asingeziona hata zikidondoka.

Watu wa Msimbazi hawakuamini bahati yao. Mtani aliyewaita wa mchangani miaka minne, leo anatembeza bakuli! Yanga ikaitwa ombaomba sokoni, kwenye daladala, redioni. Kila kijiwe kilikuwa na mtu wa kuuliza, kwa sura ya huruma, kama zimeshatosha za basi. Msemaji wa Simba wakati ule alikuwa Haji Manara, mtoto wa Sunday Manara aliyeipa Yanga mabao na sifa katika miaka ya 1970, na kwa ulimi wake hakuna shimo la Jangwani lililobaki bila kumulikwa. Ukata wa Yanga ukawa burudani ya taifa.

Ila timu yenyewe haikufuata mwongozo wa kejeli. Septemba 30, 2018 zilipokutana, Simba ilishambulia jioni nzima na kipa Beno Kakolanya akaizuia. Suluhu, 0-0. Novemba Kakolanya huyohuyo aligoma akidai stahiki zake, na Zahera, ambaye angeweza kumwelewa kuliko mtu yeyote, akamfungia mlango. Huo nauona uamuzi mbaya kuliko yote ya Mkongo yule. Kipa alidai jasho lake. Lakini kocha alikuwa ameijenga timu juu ya kiapo kwamba hakuna atakayedai kwanza, na anayejenga juu ya kiapo kama hicho hawezi kusamehe hata kidogo. Timu ikaendelea kushinda. Heritier Makambo akafunga, Ibrahim Ajibu akapika mabao, na Yanga haikupoteza mchezo wa ligi mpaka Januari 2019, ilipofungwa 1-0 na Stand United kule Shinyanga.

Januari hiyohiyo ikawaletea Wananchi, yaani watu wa Yanga, zawadi ambayo hawakuichangia. Simba, iliyokuwa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kikosi cha mabilioni, ilikwenda Kinshasa ikafungwa 5-0 na AS Vita. Februari 2 ikaenda Alexandria, Al Ahly ikaifunga 5-0. Jangwani hawakuwa na mshahara, lakini midomo ilipata chakula. Sisi hatuna hela na hatufungwi, nyie mna hela na mnapigwa tano tano. Ilikuwa hoja nzuri, na ilidumu siku kumi. Februari 12 Al Ahly walikuja Dar es Salaam, Meddie Kagere akawafunga, 1-0.

Siku nne baadaye, Jumamosi Februari 16, Kagere yuleyule alikuwa anawasubiri Yanga. Siku hiyo Yanga ilikuwa kileleni mwa ligi, ingawa kila mwenye akili alijua kilele kile kilishikiliwa na viporo vya Simba, mechi zake ambazo zilikuwa hazijachezwa. Kwa dakika 70 timu isiyolipwa iliibana timu inayolipwa. Ya 71 John Bocco alimimina krosi, Kagere akaupata kwa kichwa. Moja bila.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu kipigo hicho kidogo, na naamini ndicho kilichowageuza mashabiki wa Yanga kuliko zile tano za 2012. Zile tano walimtafuta wa kumfukuza. Hii moja hawakumtafuta mtu. Walijua walichopeleka uwanjani, walijua kilichopelekwa upande wa pili, na walijua tofauti yake kwa shilingi, kwa sababu safari hii baadhi ya shilingi zilitoka mifukoni mwao. Aliyechangia elfu tano hawezi kuiita timu yake mzigo kirahisi. Waliondoka Taifa wakiwa wamefungwa, na michango ikaendelea.

Simba ilikwenda robo fainali ya Afrika, ikarudi ikavila viporo vyake, ikawa bingwa. Yanga ilimaliza ya pili. Yanga ya bakuli, ya pili Tanzania! Ukitaka kupima kazi ya Zahera, usihangaike na kitu kingine.

Dirisha la usajili lilipofunguliwa gharama zikajulikana. Makambo aliuzwa Horoya ya Guinea. Ajibu alirudi Simba. Kakolanya naye akaenda Simba. Lakini Mei 5, 2019 wanachama walikuwa wamefanya uchaguzi hatimaye, wakampata Dk. Mshindo Msolla, na Juni ikaandaliwa hafla ya kuchangisha pale Diamond Jubilee, wakaiita Kubwa Kuliko. Bakuli likavaa suti. Wadhamini wakaanza kujitokeza, kampuni ya GSM ikiwa mbele. Wafanyabiashara hawapendi kuingia kwenye nyumba isiyo na watu, na kwa miezi ile ya njaa Jangwani palikuwa na watu kuliko wakati wowote. Nadhani bakuli lilileta kidogo kwenye akaunti na kingi mno kwenye macho ya wenye fedha.

Zahera mwenyewe hakuula mkate huo. Aliondolewa Novemba 2019 baada ya Yanga kutolewa Afrika na Pyramids ya Misri. Januari 4, 2020 Yanga ilikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Simba, Mapinduzi Balama na Mohamed Issa wakairudisha ikawa 2-2. Machi 8, Rais Magufuli akiwa jukwaani, Mghana Bernard Morrison alipiga mpira wa adhabu karibu na mapumziko, ukaingia. Yanga 1, Simba 0. Kwa watu waliokuwa wameitwa ombaomba miaka miwili, bao lile lilikuwa na uzito ambao ubao wa matokeo hauwezi kuuandika.

Furaha haikukaa. Julai Simba ikashinda 4-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF. Wiki mbili hivi baadaye kocha wa Yanga, Mbelgiji Luc Eymael, akilalamikia maisha yake nchini, aliwatolea mashabiki wa timu yake mwenyewe matusi ya kibaguzi. Waliowalipia makocha nauli kwa elfu moja moja wakalipwa hivyo. Alifukuzwa mara moja, na ndilo jambo pekee katika historia hii ambalo watu wa Simba na Yanga walikubaliana bila kupigiana kelele. Agosti, Morrison akahamia Simba. Kesi ikafika mahakama ya michezo ya CAS nchini Uswisi, mchezaji akashinda. Mwaka 2022 akarudi Yanga. Nilisema hakuna anayeondoka moja kwa moja.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Simba ilitwaa ubingwa wa nne mfululizo 2021. Haji Manara akavuka barabara akaenda kuisemea Yanga. Yanga ya GSM ikawa bingwa 2022 bila kufungwa mchezo, Hersi Said akachaguliwa rais wa klabu mwaka huo, na 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sasa watu wa Msimbazi ndio waliokuwa wakinong'ona kuhusu fedha za mwenzao, zinatoka wapi na zinazidhamini timu ngapi nyingine za ligi.

Kisha Novemba 5, 2023, Jumapili tena. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, na mpaka saa moja ya mchezo inatimia ilikuwa 1-1. Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua penalti. Yanga 5, Simba 1. Miaka 11 na nusu Wananchi walikuwa wameitunza ile hesabu, na usiku ule mji mzima ulikuwa ukipungiwa vidole vitano, kutoka madirishani, kwenye pikipiki, kwa watoto wasiokuwa wamezaliwa Kaseja alipouvuka uwanja. Utalipita duka la mtani, hasemi kitu, anakunyooshea kiganja tu.

Na Msimbazi? Kocha Robertinho aliondoka baada ya siku mbili. Siku ya tatu mazungumzo yalikuwa yameshahamia kule kule. Mchakato wa mabadiliko umefikia wapi? Uwekezaji unaonekana wapi uwanjani? Nani anasajili, kwa fedha ya nani? Maswali yaleyale ya Jangwani Mei 2012, kwa rangi nyingine. Simba ilimaliza msimu ikiwa ya tatu, na Juni 2024 wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji wakajiuzulu, Mohammed Dewji akarejea kwenye uenyekiti wa bodi. Mashabiki wengi walishangilia kama walivyoshangilia wa Yanga Julai 2012, na kwa sababu ileile.

Nimeulizwa mara nyingi mimi ni wa rangi gani. Sitajibu, nina majirani. Lakini hukumu yangu kwa miaka hii yote naitoa: dabi iliyowaletea Wananchi heshima kubwa kuliko zote ni ile waliyofungwa moja bila Februari 2019, na waliowacheka kwa bakuli lile waliicheka klabu ya mpira katika miezi michache ambayo wanachama wenyewe waliibeba. Karatasi zinasema asilimia 51 ni ya wanachama, pande zote mbili. Basi wewe mwenye kadi, ya kijani au nyekundu, kabla hujauliza tena pale kijiweni mabilioni yako wapi, lipa ada yako ya mwaka huu, na mkutano mkuu ukiitishwa, nenda.